Mtani kwa Debe la Mtama

12 Novemba 1922, Mtendeni, Tabora
Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wametua hata ndani ya chungu cha nta. Nimewakaanga. Kuni zimelowa nusu.

15 Novemba
Leo nimeongezewa mdomo wa kulisha, na aliyeniongezea si Mungu, ni sheria.

Nilikuwa uani nachemsha masega ya asali nipate nta. Kugeuka, namwona mama mtu mzima amekaa juu ya kuni zangu, zile chache zilizosalia kavu. Kichwa cheupe kwa mvi, pembeni yake jembe lisilo na mpini na kibunda cha nguo. Nikamwambia, "Mama, hizo kuni ni za kazi."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

"Basi nyamaza. Mimi Mzaramo, nimekuja kwa mtani wangu. Kuni hizi nimekwisha zichukua. Hicho chungu kikipoa nitakichukua nacho."

Anaitwa Tatu. Mwaka wa njaa huko kwao Uzaramo mjomba wake alimweka rehani kwa nafaka, rehani haikukombolewa, akauzwa, akaletwa huku na msafara wa pembe akiwa binti mdogo. Tangu hapo yuko katika nyumba ya kina Twalibu, wafanyabiashara Waarabu wa pwani wanaokaa kule juu ya soko: kwanza ya baba, sasa ya mwana. Huyo Twalibu amekua kwa maziwa ya Tatu, yaliyokuwa ya mtoto wake mwenyewe aliyekufa.

Mwaka huu bomani ilisomwa sheria kwamba nchi hii haina tena mtumwa. Twalibu alinyamaza mpaka ghala lilipoanza kupungua, kisha akawakusanya watu wake: "Serikali imewachukua, serikali iwalishe." Vijana akawapa ujira, wakabaki. Tatu akaonyeshwa mlango.

"Ungekwenda bomani," nikamwambia.

"Nimetoka huko. Wameniambia ni huru. Nimewauliza, mtu huru analala wapi? Wakatazamana."

Njia ya msafara ilikuwa na sheria yake kabla ya hizi za karatasi. Wazee wetu walifika pwani na mizigo, wakaugua, wakafa, na waliowafukia ni Wazaramo. Wazaramo waliofia huku tukawafukia sisi. Ndiyo utani ulivyoanza. Mtani hafukuzwi mlangoni. Atakutukana, atachukua kitu chako, na ukikasirika wewe ndiwe mwenye kosa. Nilijua hayo kabla masista hawajanifundisha kusoma. Sikujua tu kwamba utani unaweza kuja kukalia kuni.

Atalala jikoni mpaka Jumapili.

19 Novemba, Jumapili
Bado yupo.

26 Novemba
Eustace, mdogo wa marehemu mume wangu, amepita baada ya misa. Ni karani bomani na anapenda kueleza mambo. Anasema Mwingereza hakupewa nchi hii iwe yake. Amepewa kama amana na Baraza la Mataifa huko Ulaya, na katika masharti aliyotia sahihi limo hili: utumwa ukomeshwe, na mtu asifanyishwe kazi kwa nguvu bila ujira.

"Kwa hiyo sisi ndio amana?" nikamuuliza.

"Ndivyo, shemeji."

"Amana hurudishwa kama ilivyopokewa. Kaka yako Sylvester, Wazungu walimtoa shambani ameshika jembe, wakamtwika risasi za vita vyao, hata leo sijaambiwa amelala wapi. Huyo nani atamrudisha?"

Eustace akaangalia kofia yake. Tatu, aliyekuwa anamenya viazi, akasema, "Kama alianguka njia ya pwani, wenzangu walimfukia. Na walimtukana vizuri kabla ya kumwaga udongo. Usiwe na wasiwasi."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinituliza kuliko rambirambi za padri.

4 Desemba
Mzaramo ameunguza nta. Nilimwambia koroga, usiache moto ule sufuria. Akaanza kuimba, akajisahau, nta ikafura, ikamwagika motoni, moto ukaruka hadi kwenye paa. Tumezima kwa maji ya kunywa. Baada ya yote akasema, "Nyumba yako ilikuwa na giza sana, Mnyamwezi."

Hana faida yoyote kwenye nta. Nimemtoa huko. Alime matuta.

11 Desemba
Analima matuta kama mtu anayechimbia maiti wadogo wadogo. Nimerudia yote.

17 Desemba
Hesabu ya jioni. Mtama uliomo ghalani, mdomo mmoja, ungefika mpaka mahindi mabichi na kubaki. Midomo miwili, kibaba kimoja kila mmoja, tunagota katikati ya Februari. Nimemwambia. Akajibu kwamba Wanyamwezi wamezoea kutembea na njaa, ndiyo maana walipewa pembe wabebe.

25 Desemba
Noeli. Tatu ni Mwislamu, lakini alinisindikiza kanisani akangoja nje, akanishikia viatu vyangu nisivichafue kwa tope. Nilipotoka nikamkuta amevivaa.

"Nilikuwa navipasha moto," akasema.

Tumekula kuku. Nimecheka leo mpaka mbavu zikauma. Naandika hili kwa kuwa sikumbuki lini tena.

9 Januari 1923
Mvua. Nta haikauki, kuni haziwaki, Mhindi mwenye duka la nta hanunui.

16 Januari
Mvua.

23 Januari
Nimegundua kwamba Mzaramo anarudisha nusu ya chakula chake chunguni nikigeuka. Nilimkamata mkono uko ndani. Nikamwambia katika nyumba hii mtu akipakuliwa anakula, asinipe dhambi. Akasema, "Ugali wako mbaya." Machozi yalikuwa yanamlenga. Yangu pia, ila mimi nilikuwa karibu na moshi.

Sasa tunakula kibaba na nusu kwa wote wawili, na majani ya mlenda. Nikihesabu hivyo tunafika Machi.

14 Februari
Jumatano ya Majivu. Kwaresima mwaka huu imetukuta hatuna cha kuacha.

17 Februari
Leo sokoni nilikuwa hodari sana wa maneno. Niandike nikiwa bado nacheka.

Tulikwenda mimi na Tatu kutafuta mihogo mikavu. Akatokea Twalibu, kanzu safi, mwavuli. Watu wanasema msikitini amesemwa: mtu aliyekunyonyesha ni mama yako, unamtoaje nje mvua zinapoanza? Basi akaja kwangu, akasimama, akasema kwa adabu, "Bi Marcelina, huyu mzee wetu ningependa arudi nyumbani. Watoto wanamlilia."

Tatu alikuwa kati yetu, kikapu kichwani.

Nikasema kwa sauti ya soko, "Huyu? Siku hizi ni mtumwa wangu huyu! Ukimtaka, lete debe la mtama. Na hapo nimekupunguzia, maana meno hana!"

Soko zima likaangua kicheko. Muuza chumvi alijishika tumbo. Tatu naye alicheka, akaweka kikapu vizuri, tukaenda zetu.

Kesho kutwa napanda gari moshi kwenda Goweko kununua masega. Nasikia huko yapo.

22 Februari
Nimerudi jana jioni. Sikuweza kuandika jana.

Mlango ulikuwa umerudishiwa. Ndani, katikati ya chumba, debe la mtama. Limejaa hadi ukingoni, limefunikwa kwa kitambaa kikavu. Jikoni pamefagiwa. Jembe lake halipo, kibunda hakipo.

Jirani akanieleza: mtumishi wa Twalibu alilileta debe asubuhi ile niliyoondoka. Akasema, "Debe la Bi Marcelina, kama alivyosema sokoni." Tatu akalipokea, akalitua, akalitazama. Akafagia jiko. Akafunga kibunda chake, akamfuata mtumishi nyuma, hatua chache nyuma, kama wanavyofuata.

Debe ni pishi sita. Vibaba ishirini na vinne. Nilifanya hesabu hiyo kabla sijavua ushungi, kwa mazoea tu, na nilipopata jibu nikakaa chini sakafuni.

Miezi yote hii amenitukana matusi yote ya njiani: punda wa pwani, mla kumbikumbi, kichwa cha mzigo. Watani wote huitana mtumwa wangu, mtumwa wangu, ni tusi la kila siku, halina uzito. Yeye hakulitamka hata mara moja. Mimi nisiyesahau kibaba sikuliona hilo.

23 Februari
Nimelibeba debe kichwani hadi kwa Twalibu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima.

Akanipokea barazani, akashangaa. "Kulikoni? Mtama una wadudu?"

"Umenunua mtu, Twalibu."

"Mimi?" Alisimama. "Bi Marcelina, ulisema debe mbele ya watu. Nikasema moyoni, mama huyu amemlisha mzee wetu tangu Novemba, ana njaa, anaona haya kuomba, anaombea ndani ya mzaha. Nikatuma kama asante. Na sikumvuta mtu. Amekuja kwa miguu yake, yuko uani, kamuulize."

Nilimtazama usoni. Hakuwa anadanganya. Nilikuja kupigana na mtu mbaya, nikakuta mtu aliyefanya ustaarabu kijinga. Laiti ningejua nipigane na nani.

Tatu alikuwa uani anapepeta mchele. Hakusimama.

"Mnyamwezi," akasema. "Umefuata nyongeza?"

"Ule ulikuwa utani, Mzaramo."

"Najua. Ndiyo maana sikukasirika. Mtani hakasiriki."

"Mbona umeondoka basi?"

Akapuliza makapi. "Mimi nimepimwa kwa nafaka utotoni, nikapimwa kwa nguo njiani. Debe likishatua sakafuni najua kinachofuata. Sikutaka usumbuke kunisukuma."

"Turudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mtoto mmoja wa Twalibu akaja kumlalia mgongoni. Tatu akaendelea kupepeta. Twalibu alikataa kulipokea debe, akasema zawadi hairudi. Nimelibeba tena. Lilikuwa zito kuliko wakati wa kwenda.

26 Februari
Nimekwenda bomani kwa Eustace. Nimemwambia nataka shauri langu lifike kwa Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa boma: Tatu arudishwe kwangu.

Eustace hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akafunga mlango. "Shemeji, nitaandika nini? Sheria inasema baraza lolote la nchi hii halitasikiliza mtu anayedai mtu."

"Mwambie hayo Twalibu!"

"Twalibu hajadai. Unadai wewe."

"Mimi simdai! Mimi nimemlisha, nimemlaza, nimekula naye mlenda. Nataka arudishwe tu."

"Kinachorudishwa ni mali," akasema. "Haikuandikwa Mwarabu asimdai, wala Mnyamwezi ruksa. Imeandikwa mtu. Wale wa Baraza la Mataifa hawakujui wewe ni mwema."

Nilitoka bila kuaga. Mvua ilininyeshea kutoka boma hadi Mtendeni, na kila hatua nilikuwa namtukana: mtoto niliyempikia uji, leo kafunga mlango ananisomea. Nilipofika nyumbani matusi yalikuwa yamekwisha. Likabaki lile neno lake, limekaa pale pale kama debe.

Kweli nilikwenda kuiomba serikali inipe mtu.

28 Februari
Leo nimekula mlenda mtupu. Debe liko sakafuni. Sijaligusa.

2 Machi
Nimerudi kwa kina Twalibu. Safari hii sikubeba kitu. Tatu alikuwa pale pale uani.

Nikamwambia, "Sikuja kukuchukua. Nimekuja kukuuliza jambo ambalo nilipaswa kukuuliza siku ile umekalia kuni. Wewe unataka nini?"

Akaacha kupepeta. Akanitazama muda mrefu mpaka nikaanza kusikia haya, kana kwamba nimemvua nguo.

"Mimi?"

"Wewe."

"Niache kidogo," akasema. "Swali hili silijui. Nitalikosea."

3 Machi
Hakuja.

7 Machi
Hakuja. Mahindi ya jirani yametoa ndevu.

10 Machi
Nimejiambia, Marcelina, na akisema anataka kubaki kwa Twalibu? Watoto wanampenda, chakula kipo, mchele juu. Kwa hesabu ndiko kwenye faida. Nimeipiga hesabu hiyo mara tatu na kila mara inatoka sawa. Basi hasira yangu ni ya nini? Ni kwamba hakuna anayenitukana.

13 Machi
Amekuja! Alfajiri, jembe begani, limetiwa mpini mpya. Aliingia moja kwa moja, akaliona debe.

"Umekonda kama mwiko," akasema, "na chakula kiko hapa?"

"Siwezi kukila."

"Nani kakwambia ukile? Hiki ni changu. Mara mbili watu wamepokea bei yangu, mimi sijaonja hata punje. Hii ya tatu naichukua mwenyewe." Akakaa juu ya debe. "Nimefikiri lile swali lako. Kwako sirudi. Kwa Twalibu sikai. Kwako nitakuwa mgeni wa jikoni, kwa Twalibu nitakuwa yaya. Nataka pahali. Padogo. Pa kwangu."

Nilisikia uchungu wa lile "kwako sirudi", nisiseme uongo. Lakini nilimpikia mihogo ya mwisho, akala, akasema mibaya, na nikaona jua limetoka.

17 Machi
Tumekwenda Chemchem kwa Mahona, mwanangwa wa kule, maana ndiye anayegawa ardhi kwa niaba ya mtemi. Mgeni haombi ardhi peke yake, sharti awe na mtu wa kumsimamia.

Mahona akauliza kama wanavyouliza siku zote, "Huyu mtu wa nani?"

Nikafumbua mdomo. Nikaufumba.

"Wa Tatu," akasema Tatu.

"Na Tatu ni nani?"

"Ndiye mimi."

Mahona akacheka mpaka akakohoa. "Mama, sikuulizi ufalme. Nauliza, ukiugua nani ataleta uji? Ukifa nani atakufukia?"

"Mimi," nikasema. "Mtani wake, Mnyamwezi. Nitamfukia, na nitamtukana mpaka malaika waombe nipunguze."

"Mtani anatosha," akasema Mahona. Akatuonyesha kipande karibu na kijito, chenye kichuguu kikubwa katikati. Tatu akakizunguka chote kwa miguu, halafu akakizunguka tena. Halafu akapanda juu ya kichuguu akakaa.

24 Machi
Leo tumejenga. Majirani wa Chemchem wamekuja na majembe, na Tatu amewapikia ugali na togwa kutokana na lile debe. Yeye ndiye aliyepakua, hakuruhusu mwiko ushikwe na mtu mwingine. "Kula, kula," anawaambia, "mimi ni ghali."

Saa za adhuhuri tukamwona mtu anakuja na nguzo begani, kanzu ameipandisha kiunoni. Twalibu. Mwenyewe, bila mtumishi. Nikapiga kelele, "Jamani, leo pwani inabeba mzigo na Mnyamwezi amekaa! Andikeni!" Watu wakavunjika mbavu. Yeye alitua nguzo, akaenda alipo Tatu, akainama akamwamkia. Nilikuwa mbali, sikusikia alimwitaje. Tatu alimpa sahani.

Alirudi mara nne na nguzo. Begani kanzu ilichanika.

1 Aprili
Pasaka. Mahindi mabichi. Nimekula mpaka nikaona haya. Eustace alikuja, nikampa tusi lake nililomwekea, kisha nikampa kuku.

9 Aprili
Tatu amehamia. Paa ni la nyasi kuukuu, mpya bado hazijakomaa, na linavuja pande zote mbili. Nilimwambia angoje kwangu mpaka mvua ziishe. Akaniambia maji yanayovuja ni yake.

Jikoni kwangu kumekuwa kukubwa mno.

14 Aprili
Nta imekauka vizuri. Mhindi ameichukua yote.

21 Aprili
Mvua ya leo nadhani ndiyo ya kuagana, maana imekuja na hasira zote. Ramadhani imeingia, Tatu anafunga. Nikampikia uji wa kufuturu, nikaufunika kawa, nikashika njia ya Chemchem jua likizama. Katikati ya njia mbingu ikapasuka.

Mlango wake ni mbao za sanduku. Ulikuwa umefungwa, moshi unatoka chini ya paa. Nikaita, "Hodi!"

Kimya. Namsikia kabisa anakohoa ndani.

"Hodi, Mzaramo!"

Kimya. Maji yameingia shingoni, yanashuka mgongoni.

"Hodi hapa kwa Tatu!"

"Nani?"

"Mimi Marcelina!"

"Marcelina yupi?"

"Mtani wako, we bibi! Mvua inaniua huku!"

"Mvua haiui mbeba pembe. Ita tena."

"Uji unapoa!"

"Utapashwa. Mimi nimewafungulia watu milango yao tangu sijaota kifua. Sijawahi kuitiwa hodi. Ita vizuri, usiite kama unafukuza mbuzi."

Nikaliweka sawa kawa. Nikanyoosha mgongo. Nikaita hodi ndefu, ya taratibu, kama anavyoitiwa mtu mwenye nyumba yenye baraza na walinzi. Ndani pakawa kimya kabisa, hata kikohozi kikakoma. Kisha nikasikia mkeka unakwaruza: hakuwa anainuka, alikuwa anaketi vizuri zaidi.

"Nimesikia," akasema. "Ngoja hapo."

Nikangoja, chungu nimekikumbatia kifuani, maji yakinitiririka hadi visiginoni.